Ndugu Mkubwa wa Rais

Tamthilia za vipindi kumi na zaidi zimetunyang'anya utamu wa filamu ya televisheni ya usiku mmoja. Ulikuwa unakaa, unamfuata mtu tangu ujana wake mpaka kaburini, kisha unakwenda kulala naye moyoni. Ufundi huo unapotea, nami inaniuma.

Kipimo changu ni "Young Joe, the Forgotten Kennedy", iliyorushwa na ABC ya Marekani mwaka 1977, Peter Strauss akiigiza kama Joseph Kennedy Mdogo. Rais John Kennedy anajulikana dunia nzima. Huyu alikuwa kaka yake, kifungua mimba aliyezaliwa 1915, na ndiye baba yao aliyemwekea matumaini ya urais. Leo hata majumbani kwetu, kulikotundikwa picha za John, hatajwi.

Kumwandikia mtu kama huyo tamthilia ni kazi nzito, kwa sababu mtazamaji anajua mwisho. Agosti 1944 Joe alikuwa amemaliza zamu yake ya vita. Angeweza kurudi nyumbani. Akajitolea tena. Ndege ya Liberator ilishindiliwa zaidi ya kilo 9,600 za baruti. Yeye na mwenzake, Wilford Willy, walitakiwa kuirusha kutoka uwanja wa Fersfield, Uingereza, watayarishe mitambo ya kulipua, kisha watoke kwa miavuli. Ndege nyingine ingeiongoza kwa redio hadi ngome ya Wajerumani huko Mimoyecques, Ufaransa. Tarehe 12 Liberator ililipuka katika anga la Suffolk wakiwa bado ndani. Miili yao haikuonekana.

Fundi mwenye pupa angekimbilia moto na kishindo. Fundi aliyeiva hukawia kwenye mkanda wa mwavuli: vidole vinavyoukaza, vinaulegeza kidogo, vinaukaza tena. Mtazamaji anajua kwamba mwavuli ule hautafunguka, na bado anajikuta akiomba kijana aruke. Kumfanya mtu atamani jambo ambalo historia imekwisha kulikataa, huo ndio ustadi ninaousifu, na haununuliwi kwa kamera ya bei kubwa.

Nasi tuna deni kwa Joe. Mwaka 1946 familia ilianzisha mfuko kwa jina lake. Mwaka 1960 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipofika Hyannis Port, nyumbani kwa akina Kennedy, kutafuta nauli za wanafunzi waliokuwa wakienda kusoma Marekani, mfuko huohuo ulitoa dola 100,000. Vijana wetu walipanda ndege kwa jina la rubani aliyeangamia angani, na sidhani kama wazazi waliokuja kuwaaga waliwahi kulisikia.

Kisa kama hicho sijakiona kwenye televisheni zetu kikipewa haki yake. Tunachopewa ni picha mnato, muziki wa huzuni na sauti inayosoma tarehe. Wakithubutu kuigiza, mtu wa 1960 anavishwa suti iliyoshonwa juzi na anamwamkia baba yake kama anayeagiza chai hotelini. Hakuna aliyesumbuka kuuliza.

Na wa kuulizwa wanakwisha. Wanafunzi wa mwaka ule sasa wamepita miaka 80. Kila msiba unaondoka na namna walivyofunga tai, walivyosimama mbele ya wazee, walivyoficha woga kwenye barua za nyumbani, mambo ambayo mwandishi wa tamthilia hatayakuta maktaba.