Vitabu Viwili Vipya Katika Maktaba Yetu

Maktaba ya chuo chetu imepokea vitabu. Kati yake twataka kupima viwili hapa, kwa sababu vinasema juu ya lugha yetu wenyewe. Kwa umri si vipya. Kwetu sisi ni vipya. Vyote viwili vimetoka mkononi mwa Johannes Fabian, mtaalamu aliyechunguza maisha na maneno ya watu wa Katanga.

Cha kwanza, Language and Colonial Power, kilichapwa mwaka 1986. Chaeleza namna Kiswahili kilivyoshikwa na watawala katika Kongo ya Wabelgiji, toka 1880 hata 1938. Fabian alisoma vile vitabu vidogo vya maneno, vilivyotungwa ili Mzungu aweze kusema na watu wake wa kazi. Akaona nini? Amri juu ya amri. Mazungumzo ya mtu na mwenzake ni haba. Wamisionari nao hawakuachwa, maana wao pia walitunga sarufi. Sisi wa misheni tusikasirike. Anayefundisha watu kutubu asiogope kupimwa. Kosa tunaloliona sisi ni lingine: kitabu hiki chategemea hasa karatasi za mabwana. Yule aliyeamriwa hatumsikii.

Cha pili, History from Below, cha mwaka 1990, chamleta huyo mbele yetu. Ndani yake mna maandishi ya André Yav, ya mwaka 1965, yaliyotungwa kwa ajili ya chama cha maboyi wa zamani wa Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966. Yav aliyaita Vocabulaire. Anayetafuta humo orodha ya maneno atashangaa: atakuta historia ya Kongo chini ya Wabelgiji, kwa Kiswahili cha mjini. Kumbe boyi aliyesimama nyuma ya kiti cha bwana alikuwa na masikio! Bwana alikuwa na vocabulaire yake ya kuamuru. Boyi naye akaandika yake.

Yav hakutenga maneno kama tunavyofundishwa shuleni. Basi Fabian alihitaji msaada wa Kalundi Mango, aliyeyasoma kwa sauti. Macho ya profesa yalikwama, sikio la mwenye lugha likafungua njia.

Je, kila neno la Yav tulipokee? Hapana. Kumbukumbu ya mtu yafaa kupimwa. Lakini daftari la serikali nalo lapimwa vilevile.

Tuna lawama mbili. Maelezo yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa boyi, aliyesoma Kifaransa shuleni, aweza kusoma maneno ya baba yake, lakini hawezi kusoma yaliyosemwa juu ya baba yake. Tena jina la kitabu lasema historia hii yatoka chini. Chini ya nani? Yav mwenyewe hakuipa kazi yake jina hilo.

Hata hivyo twashukuru. Twamwomba mtunza vitabu aviweke viwili hivi pamoja, na waalimu wasome ukurasa mmoja wa Yav kwa sauti darasani. Wanafunzi wetu wengi huona haya kuandika Kiswahili cha nyumbani, wakidhani si lugha ya vitabu. Basi wakione hicho kabatini, wakishike kwa mikono yao.