Mshono wa Uongo Chini ya Kiatu cha Chombo

Mikato ya soli imekaa vizuri, mpira mweupe hauachi mistari kwenye sitaha, na kamba ya ngozi inazunguka kisigino inavyotakiwa. Kwa hayo, viatu vya chombo vya bei nafuu vilivyojaa madukani siku hizi havina kasoro ya kupigia kelele. Kelele yangu ni juu ya uamuzi mmoja, nao unatosha kuharibu mengine yote: watengenezaji wameondoa uzi uliokuwa ukiishika soli, wakapaka gundi mahali pake, kisha wakachora mshono ili mnunuzi asigundue. Tazama mfereji unaozunguka ukingo wa soli. Utaona vidoti vimefuatana kwa mpangilio safi, urefu sawa, nafasi sawa, bila hata kimoja kupinda. Pitisha ukucha. Hakuna uzi unaonyanyuka wala tundu la sindano. Ni mpira ule ule uliomiminwa kwenye kalibu, ukatoka umeshachongwa sura ya mshono. Aliyechonga kalibu hiyo alijua kabisa kwamba mnunuzi anatafuta uzi, na akaamua kumpa picha ya uzi.

Wanaotetea gundi wanasema ya leo si ya jana. Kweli, na kwa kiatu cha ofisini sina la kubishana. Chomboni ni jambo jingine. Nahodha anapobisha, baharia anakimbilia upande wa joshi, anakita mguu na kujizungusha juu yake huku amevuta kamba. Nguvu hapo inatoka pembeni, nayo inavuta ngozi upande mmoja na soli upande mwingine. Gundi huhimili vizuri kubanwa. Kinachoishinda ni kubanduliwa, na ubanduaji huanzia pale kiatu kinapokunjwa, nyuma kidogo ya vidole. Mwanya ukishapatikana, maji ya chumvi yanaingia, chumvi inakauka ndani na kubaki, na jua la saa saba juu ya sitaha linalainisha gundi iliyosalia. Uzi hauendi hivyo. Mshono mmoja ukikatika, wa jirani unashika, na wewe unaona kwa macho kwamba kazi ya fundi imefika. Gundi haitoi taarifa. Asubuhi kiatu ni kizima, jioni soli inaning'inia, tena katikati ya safari.

Nimekwisha kulalamika hapa kuhusu soli za povu la poliyurethani, na nitalalamika tena, kwa sababu makosa haya mawili hutembea pamoja. Unyevu huikata minyororo ya poliyurethani polepole, na joto huharakisha kazi hiyo; ndiyo maana soli ya aina hii humeguka kama ungaunga hata kwenye kiatu kilichokaa ndani ya boksi miaka kadhaa bila kuvaliwa. Pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima. Kutengeneza kiatu cha baharini kwa kitu kinacholiwa na maji ni uamuzi ambao ungechekwa kama si wepesi wa soli yenyewe mkononi mwa mnunuzi. Na wanaoumia zaidi ni wateja wa mitumba, pale Kongowea, Gikomba au Karume. Jina la kampuni ni kubwa, ngozi inang'aa, bei inavutia, kumbe umri wa soli ulikwisha kabla marobota hayajafunguliwa.

Hoja ya pili ya watetezi ni kwamba sindano hutoboa, na tundu huingiza maji. Sawa, lakini kiatu cha chombo hakikuundwa kuzuia maji. Kiko wazi juu, mawimbi yanaingia yanavyotaka, na sifa yake ni kuyatoa na kukauka upesi. Hoja ya tatu ina uzito zaidi: mbona raba za turubai hazina mshono wa soli na zinadumu? Kwa sababu zile nzuri hazikubandikwa kwa gundi peke yake. Mpira na turubai vimepikwa pamoja kwa joto, kwa njia iliyotokana na ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839, hadi vikashikana. Huo ni ujenzi halali, na raba ya namna hiyo naipa alama za juu kuliko kiatu cha ngozi chenye mshono wa kuchorwa, hata kama bei yake ni nusu. Na wanaosema wazee walisafiri peku, wakumbuke walisafiri juu ya mbao. Sitaha ya faiba huteleza ikilowa, huunguza mchana, na ndoana iliyosahauliwa haichagui mguu.

Waliotangulia walikuwa makini zaidi. Kila mpenzi wa vyombo anakijua kisa cha Paul Sperry, Mmarekani wa Connecticut, aliyemwona mbwa wake akikimbia juu ya barafu bila kuteleza, akachanja mpira mikato myembamba na kutoa kiatu chake mwaka 1935. Tangu hapo sifa zote zimekwenda kwenye mikato. Lakini mikato humsaidia nani, ikiwa soli imebaki kwenye sitaha na mguu umeshakwenda zake? Docksides, kiatu cha chombo cha kampuni ya Sebago kilichoingia sokoni mwaka 1970, kilijengwa kwa kushonwa, na ndiyo sababu vya zamani bado vinarudi kwa fundi badala ya kutupwa. Sisi wenyewe tulikuwa na mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichoungwa mbao kwa mbao kwa kamba za kumbi, bila kupigiliwa misumari ya chuma. Mshono ulikubali kupinda na wimbi, na ulipochakaa ulishonwa upya. Watu wa pwani hii ndio wa mwisho wanaopaswa kuuziwa mshono wa picha.

Kwa hiyo, ukinunua, anza na ukucha kwenye mfereji wa soli. Kisha bonyeza kisigino kwa kidole gumba. Kikiacha shimo lisilorudi, au kikitoa ungaunga, rudisha kiatu mezani. Angalia vipete vya kamba viwe vya shaba, maana vya chuma vitaota kutu. Ukipata kiatu chenye soli ya mpira halisi iliyobandikwa tu, usikikatae: bei yake ni ndogo, na fundi viatu atakizungushia uzi wa nailoni kabla hakijaonja chumvi. Uzi wa pamba usikubali, utaoza. Soli ya povu usimpelekee hata huyo fundi, kwa kuwa uzi utaikata ukikazwa. Baada ya safari suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uanike kivulini. Na muuza duka akikuonyesha vile vidoti vizuri vya pembeni, mwambie akuvutie uzi mmoja uuone. Akishindwa, usimlipe bei ya kiatu kilichoshonwa.