Nyumba za Nyasi za Tanaka Ryohei: Mkusanyaji Ananunua Nini?

Wakusanyaji wa chapa za Kijapani wana tabia moja. Wakikuonyesha picha, kidole kinakwenda kwanza kwenye namba iliyoandikwa kwa penseli chini yake, tuseme 35/100, kisha kwenye saini. Picha yenyewe inasubiri zamu yake. Kwa kazi za Tanaka Ryohei, tabia hiyo inatunyima karibu kila kitu.

Tanaka alizaliwa mwaka 1933 Takatsuki, mkoani Osaka, akafariki 2019. Anajulikana kwa nyumba za wakulima zenye mapaa ya nyasi, njia za vijijini, theluji, na miti iliyopukutika majani. Nyingi ni nyeusi na nyeupe tu. Kina Kawase Hasui, waliomtangulia, walitegemea mbao zilizochongwa. Yeye alichagua bamba la metali. Bamba hupakwa tabaka linalozuia asidi, msanii akachora juu yake kwa sindano, kisha likazamishwa kwenye asidi. Pale sindano ilipopita, asidi inakula. Mifereji hiyo midogo ndiyo inayobeba wino hadi kwenye karatasi.

Sasa fikiria paa la nyasi: maelfu ya mabua, moja juu ya jingine. Na chapa ya bamba nayo ni maelfu ya mistari. Hapo ndipo Tanaka anaponikamata. Mkono wake unaezeka upya lile paa, bua kwa bua. Unaona upande ulioanza kuoza, unaona ukuta wa udongo uliobanduka. Uvumilivu wa namna hiyo si mchezo.

Lakini nina swali, na kazi ya uandishi wa habari imenizoesha kuliuliza: wenyewe wako wapi? Katika picha zake nilizoziona, sijakutana na mtu hata mmoja. Wapo wanaosema huu ni utulivu. Mimi naona hatari. Nyumba bila mwenyewe ni rahisi kuipenda. Haidai kodi, haivuji, haina kijana aliyeondoka kwenda kutafuta kazi mjini.

Ukweli wa vijiji vya Japani ulikuwa mgumu zaidi. Kuezeka paa moja kulihitaji nguvu ya kijiji kizima, kwa ushirika wanaouita yui: leo kwangu, kesho kwako. Vijana walipohamia mijini, nguvu hiyo ikapungua. Kaya nyingi zikafunika nyasi kwa bati. Vijiji vichache, kama Ogimachi kule Shirakawa-go, viliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1995. Kwingine, nyumba nyingi ziliachwa au zikabomolewa.

Je, basi Tanaka anatuuzia ndoto? Kwa mtazamo wangu, hapana. Anayeuza ndoto huficha uchakavu. Yeye anauchora kwa makini kuliko kitu kingine. Watu hawaonekani, ila kazi yao imejaa kila mahali: kwenye kiraka, kwenye njia iliyokanyagwa hadi ikang'aa. Mwenye ndoto ni mnunuzi anayeitundika sebuleni bila kuuliza nani aliezeka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kununua, usihangaike na namba ndogo. Namba hizo si lazima zifuate mpangilio wa uchapaji, na 3/100 haiwi bora kuliko 97/100 kwa sababu ya namba pekee. Angalia kama karatasi haina madoa, kama pembezoni hapajakatwa, kama alama ya ukingo wa bamba bado inashikika kwa kidole. Kisha litazame paa. Likikufanya uwaze mikono iliyolibeba, lipia. Likikutuliza tu, nunua kalenda. Ni bei rahisi zaidi.