Mita Kumi za Mwisho

Fundi anayeijua kazi yake, akifika nyumbani kwa mtu hapa Golf, mtaa wa Lubumbashi, kuweka intaneti, hafungui katoni kwanza. Anasalimia, anapokea maji ya kunywa, kisha anaomba aonyeshwe nyumba. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole asikie kama ni tofali au zege. Anatazama juu kama kuna dari au bati tupu. Anauliza tangi la maji liko upande gani, na umeme ukikatika jenereta inawasha vyumba vipi. Nilimsikia mmoja wao akimuuliza mwenye nyumba, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: "Mama, batoto banasomaka wapi?" Mama akaonyesha meza iliyokuwa kwenye kona ya chumba cha nyuma, mbali kabisa na juu ya televisheni, mahali ambapo mumewe alikuwa amekwisha kupanga modemu ikae. Fundi akaiangalia meza, akaangalia milango, akasema modemu itakaa koridoni. Baba akasita kidogo, kisha akasema sawa.

Swali lile ndilo ufundi wenyewe, nami naandika kuusifu. Hapa kwetu husifiwa kampuni, husifiwa kasi, hubishaniwa bei za mwezi. Mtu aliyeingia na ngazi begani husahauliwa mara taa ya kijani inapowaka, hali yeye ndiye aliyeamua kama familia hiyo itakuwa na intaneti kweli, au itakuwa na kisanduku kinachomulika sebuleni huku mtoto akitafuta mtandao dirishani.

Nyumba za Golf ni nzito. Nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na katika nchi hii ya Lubumbashi udongo wa tofali mara nyingi hutoka kwenye vichuguu, vile vichuguu vya Katanga ambavyo vingine ni virefu kuliko nyumba. Ukuta wa namna hiyo unakaa miaka, hauogopi mvua, na unazuia mawimbi. Wi-Fi ya nyumbani hutumia hasa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi. Yanabeba data kidogo, lakini yanapenya tofali kwa nafuu. Yale ya gigahezi 5 ni mafupi, hayafiki sentimita 6; yanabeba mzigo mkubwa, lakini ukuta wa pili huyamaliza. Maji huyanyonya, kwa hiyo tangi lililojaa ni ukuta mwingine. Bati huyarudisha yalikotoka, na kioo kikubwa cha kabati vilevile, kwa sababu ya madini yaliyopakwa nyuma yake. Watu wengi huweka ruta nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati ili isionekane, au sakafuni karibu na soketi. Ni mahali pabaya pote patatu. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba, juu kuliko kichwa cha mtu aliyekaa, pasipo chuma karibu. Kupajua mahali hapo katika nyumba ambayo hujawahi kuingia, kwa muda wa nusu saa, pamoja na kumshawishi baba mwenye nyumba kwamba waya utapita juu ya mlango wake mpya, kunataka elimu na kunataka ulimi.

Fikiria yote yaliyotangulia kabla ya nusu saa hiyo. Nchi yetu ya Kongo iliunganishwa na mkongo wa baharini wa WACS huko Muanda, kwenye Atlantiki, mwaka 2013. Kwa upande wetu wa kusini, nyaya za kioo hupita pia mpakani Kasumbalesa na kuingia Zambia, na kutoka huko zinaendelea hadi baharini. Mwezi wa Agosti 2023 maporomoko ya tope chini ya bahari, katika bonde refu lililochimbwa na mto Kongo nje ya mdomo wake, yalikata mkongo wa WACS na ule wa SAT-3, na meli ikabidi iende kuitafuta na kuiunga. Kuna wahandisi, kuna meli, kuna mikataba ya mamilioni. Safari hiyo yote ya maelfu ya kilomita inaweza kuharibikia kwenye mita kumi za mwisho, kati ya ukuta wa parseli na meza ya mtoto, na mita hizo hazina mhandisi wala meli. Zina kijana mwenye drili na mkoba.

Ningependa umwone akifika kwenye waya wenyewe. Uzi wa kioo unaoingia nyumbani, ukiuvua maganda yake yote, una upana wa milimita 0.125, na njia ya mwanga ndani yake ni milimita 0.009 tu. Majira ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia kila mahali, na punje moja yake ni pana kuliko njia hiyo. Kwa hiyo fundi huupa upepo mgongo. Hutandika kitambaa cheusi juu ya paja lake, apate kukiona kioo. Huvua ganda la nje kwa koleo, kisha ganda la ndani kwa tundu dogo zaidi la koleo hilohilo, kwa mvuto mmoja ulionyooka, maana mkono ukitetemeka uzi unavunjika. Hufuta kwa kitambaa kilicholowa alkoholi. Uzi ukiwa safi kweli hulia kidogo chini ya kitambaa. Kisha huulaza kwenye kikatio, hubana, na kisu hupita mara moja. Kioo hakikatwi kama nyama: hukwaruzwa, kikavunjika chenyewe, na kama kimevunjika vizuri uso wake unakuwa umenyooka kabisa. Kipande kilichobaki, ambacho jicho halikioni vizuri, hukiokota kwa utepe wa gundi na kukitia katika chupa aliyoileta mwenyewe. Kipande hicho kikiingia kwenye mguu wa mtoto anayetambaa, kitasumbua. Fundi asiyekuja na chupa, mimi simwamini.

Halafu anapima. Kipimo kinaonyesha namba yenye alama ya kutoa: labda kutoa 19, jambo jema; ikikaribia kutoa 27, taa nyekundu haiko mbali. Kila upungufu wa 3 kwenye kipimo hicho maana yake ni kwamba nusu ya mwanga imepotea. Waya ukikunjwa vibaya kwenye kona moja ya mlango unaweza kula nusu hiyo, kwa sababu mwanga hufuata kioo kinachopinda polepole, na kinapopinda kwa ghafla hutoka nje. Nimeona kazi ambapo waya umebanwa kwa misumari hadi umebonyea, umekunjwa kona kali chini ya zulia, na mwenye nyumba akashauriwa anunue kifurushi cha kasi zaidi. Kasi ilikuwepo. Ilikuwa inamwagika mlangoni.

Eneo hili lilikuwa na mafundi wa nyaya kabla mji huu haujakuwapo. Wayeke, watu wa Msiri aliyetoka upande wa Unyamwezi na kujenga ufalme wake Bunkeya, walikuwa wakivuta shaba ya Katanga kwa mkono hadi inakuwa uzi mwembamba wa kutengenezea bangili. Baadaye ikaja migodi, ukaja mji mwaka 1910, na shaba ya hapa ikaenda duniani kuwa nyaya za umeme na za simu. Mwaka 1966, mwaka uleule ambao Élisabethville uliitwa Lubumbashi, Charles Kao na George Hockham huko Uingereza walichapisha kazi yao iliyoonyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupeleka ujumbe mbali kwa mwanga. Kao alipata tuzo ya Nobel mwaka 2009. Leo katika mji wa shaba waya unaoleta habari nyumbani ni wa kioo, na una faida mbili ambazo mkazi wa hapa anazijua. Hauna kitu cha kumvutia mwizi wa shaba. Tena kioo hakipitishi radi. Mvua za Novemba hadi Aprili huku kwetu huja na radi kali, na zamani waya wa simu uliileta hadi mezani. Hata hivyo waya wa kioo unaoning'inia kutoka kwenye nguzo huwa na uzi wa chuma pembeni wa kuushikilia usikatike, na fundi mwangalifu huukata uzi huo nje ya ukuta, asiuingize ndani. Ni kazi ya dakika moja. Asiyeijua sababu yake huiruka.

Umeme ndio mtihani wetu mkubwa. Laini iliyojengwa kutoka Inga hadi Kolwezi, ya kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982, lakini delestaji, yaani mgao wa umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, haijatuacha. Hapa ndipo fundi mwema anapompa mwenye nyumba habari ambayo wengi hawaijui: katika mtandao wa kioo wa majumbani, vile visanduku vya kugawia mwanga vilivyo kwenye nguzo za mtaani havitumii umeme hata kidogo. Kioo kimoja hugawanywa kikawa vioo 32 au zaidi, mwanga ukajigawa wenyewe. Kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuwa gizani na intaneti ikafika mlangoni pako, mradi kituo cha kampuni kina umeme wake. Kilichozimika ni modemu yako tu, nayo hula volti 12 na wati chache. Betri ndogo ya volti 12 inaiweka hai kwa saa kadhaa bila kuwasha jenereta na bila kununua mafuta. Na umeme unaporudi kwa kishindo, kifaa cha kuzuia volti kubwa huiokoa adapta. Fundi anayesema haya kabla ya kuondoka amefanya kazi kubwa kuliko aliyepandisha kasi.

Halafu inabaki kazi isiyoonekana. Anaandika 192.168.1.1 kwenye simu, na mlango wa ndani wa ruta unafunguka. Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani mwaka 1994, ndiyo maana nyumba ya Golf na nyumba ya Mombasa zinaweza kutumia namba ileile bila kugombana. Anabadilisha neno la siri la kiwandani, ambalo kila mhuni analijua. Anapima mitandao ya majirani na kuchagua chaneli: kwenye 2.4 ni 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu hazigongani. Golf, penye parseli pana, kazi hii ni nyepesi; kule kwenye komuni za Katuba na Kenya za mji huuhuu, nyumba zinakogusana, fundi huyohuyo hutoka jasho. Mwisho anampa mwenye nyumba simu aandike neno lake mwenyewe la siri. Niliyemtazama mimi aligeuza uso akatazama bustani mpaka mama alipomaliza. Hakuna aliyemwambia ageuke. Mtu anayeingia katika nyumba za watu, akajua wapi wanalala na nini wanamiliki, anahitaji adabu hiyo kama anavyohitaji kikatio chake.

Wapo wanaosema setilaiti itamaliza kazi hii. Starlink, baada ya kukatazwa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, mwaka 2024, ilipewa leseni mwaka 2025, na sahani zake watu wanaziulizia. Lakini sahani inataka mbingu iliyo wazi, na yadi za Golf zina miembe na miparachichi ambayo hakuna mama atakayekubali ikatwe. Lazima mtu apande juu ya bati aone pembe ya anga iliyo huru, apitishe waya bila kuacha tundu la mvua, na akishuka atakuta ukuta uleule wa tofali. Chombo kimebadilika. Nyumba ni ileile.

Ninaloomba ni dogo. INPP, taasisi ya taifa iliyoundwa mwaka 1964 kufundisha watu kazi za mikono, ina kituo hapa Lubumbashi, na Wasalesiani waliofika mji huu mwaka 1911 wana shule yao ya Salama, yenye vijana wa ufundi na wa kompyuta. Kioo na namba hufundishika darasani. Wafundishwe pia nyumba: ukuta, bati, tangi, radi, betri, na namna ya kuzungumza na mama wa watu kabla ya kutoboa ukuta wake. Wapelekwe kwenye nyumba za kweli, Golf na Katuba pia, pamoja na fundi mzee wa kuwasahihisha. Na wewe unayemwita, usimhesabie dakika wala usimlipe kwa urefu wa waya. Mlipe kwa kufikiri kwake, na akifanya vizuri, mpe jirani namba yake.