Gadam Haikupikwa

Mliokuwepo Embu siku ile ya kupika bia mliona wenyewe. Kilo tatu za kimea cha shayiri ya Timau zilikuwa zimetulia kwenye nyuzi 66, mashi laini, harufu safi. Kisha mpishi akachukua kilo mbili za Gadam, mtama mbichi uliosagwa tu, akaumwaga mkavu juu yake, akakoroga na kufunika. Kazi ya siku nzima ilipotea pale, na hakuna kilichofanyika baadaye ambacho kingeweza kuiokoa.

Wanga wa shayiri hulainika kabla ya nyuzi 65, ndiyo maana 66 inatosha. Wanga wa mtama ndiyo kwanza huanza kufunguka karibu na 68, na sehemu kubwa husubiri hadi 75 au zaidi, joto ambalo kimeng'enya cha amilesi beta hakiwezi kulistahimili. Kwa hiyo Gadam ilikaa saa nzima kwenye maji ya moto ikiwa imejifunga, huku vimeng'enya vya shayiri, ambavyo vingetosha kabisa kuivunja, vikikosa pa kuingilia. Iodini ya kupimia wanga ilipobaki nyeusi, mpishi akaongeza nusu saa. Muda haufungui wanga. Joto ndilo hufungua.

Tazameni hesabu. Haidromita ilisoma 1.030 kwenye lita 25, yaani pointi 750. Kilo ya kimea kizuri cha shayiri ina takriban pointi 300, na mtama haupishani nayo sana, kwa hiyo kilo tano zilikuwa na 1,500 hivi. Ufanisi ni asilimia 50. Sasa ipeni shayiri peke yake ufanisi wa kawaida wa asilimia 80: kilo tatu zinatoa 720. Zinabaki pointi 30 kwa kilo mbili za Gadam. Mtama ule ulitoka kwenye sufuria karibu kama ulivyoingia.

Baadhi yenu mlilaumu kusuuza. Hapana. Maji yalimiminwa polepole, bomba likafunguliwa kidogo, na mchujo haukuziba. Usafi na hamira pia havikuwa na kasoro.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili lilijulikana zamani. Mama wa busaa kule Magharibi huchachusha unga wa mahindi, kisha huukaanga kwenye bati juu ya moto kabla ya kuukutanisha na kimea cha wimbi. Anayepika togwa Tanzania huchemsha uji kwanza, huupoza, ndipo hutia kimea, na uji mzito hugeuka mwepesi na mtamu mbele ya macho yake. Hawa hawakuwa na kipimajoto wala iodini, na hakuna hata mmoja wao ambaye angetupa unga mbichi kwenye kimea na kutarajia utamu. Huku kwetu mlimani pombe ya sherehe ilikuwa ya asali au ya miwa, sukari iliyo tayari, na nadhani ndiyo sababu tunaidharau hatua ya kupika. Basi tujifunze kwa wanaoijua.

Nalo suala la kipimajoto nimelisema mara nyingi. Embu mjini iko kama mita 1,350 juu ya bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 95.5. Timau huchemka chini zaidi ya hapo, kama 92. Anayetumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka na kukilazimisha kisome 100 amejipa kosa la nyuzi nne na zaidi, kisha anashangaa kwa nini ufanisi wake unapanda na kushuka. Mashine za posho nazo zinachangia. Nyundo zake hupasua ganda la shayiri, na chekeche ikibadilishwa, leo unapata unga, kesho chenga. Anayetaka namba ileile kila mara atafute kinu cha rola na asikiguse tena akishakiweka sawa.

Naitetea Gadam kwa sababu wakulima wa Mbeere na Tharaka waliipanda kwa ajili ya bia ya Senator, kisha wakaumia mwaka 2013 serikali iliporudisha ushuru kwenye bia hiyo. Sasa wapishi wa nyumbani wanaanza kusema mtama haufai. Nigeria ilipiga marufuku kimea cha shayiri kutoka nje mwaka 1988, na viwanda vyake vikatengeneza bia kwa mtama. Mtama unafaa. Haukupikwa.

Kwa hiyo, mtakaporudia: Gadam ipikwe peke yake na konzi moja ya kimea, ichemke nusu saa ikikorogwa. Shayiri isubiri kwenye nyuzi hamsini na kitu. Uji uingie kidogo kidogo hadi mashi ifike 66, isipite 68. Haidromita ikisoma chini ya 1.042 baada ya hapo, ndipo tuzungumze kuhusu kusuuza.