Bei ya Kuushusha Mwembe

Mnazi uliosimama peke yake shambani Bububu huangushwa na watu wawili wenye shoka na kamba, nao wakawahi chai ya saa nne. Mnazi wa urefu uleule, ukiwa uani kwa mtu hapa Michenzani, mjini Unguja, kati ya paa mbili za bati na waya wa umeme, unaweza kula siku nzima ya watu wanne. Mwenye nyumba akisikia bei hudhani anaonewa, maana kwa macho yake mnazi ni mnazi. Lakini mjini kukata ndiyo sehemu rahisi. Kinacholipiwa ni kushusha.

Watu wengi humsifu fundi wa miti akishakuwa juu, kamba kiunoni na msumeno ukining'inia. Mimi humpendea ule muda wa kabla, anapozunguka uani kimya akiitafuta bei. Akija kuitaja, kazi yote huwa ameshaifanya kichwani, tawi kwa tawi, na ngazi bado haijaegemezwa popote.

Jambo la kwanza analotazama liko chini. Nyuma ya maghorofa marefu ya Michenzani, yale yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, zipo bado nyumba za chini za Ng'ambo, zimebanana. Miti ilipandwa kukiwa na nafasi. Baadaye mmoja akaongeza chumba, mwingine akasogeza ukuta, akaja wa tatu na tangi la maji. Fundi hutafuta kati ya vyote hivyo mahali pamoja pa kuteremshia, pengine pasipozidi upana wa mkeka, na kila kipande cha mti lazima kifikie hapo. Asipopaona, huenda kumpigia jirani hodi.

Upana wa mahali hapo ndio unaoamua ukubwa wa vipande, na ukubwa wa vipande ndio unaoamua siku. Hapo tena fundi hukumbatia shina. Mwembe wa mzunguko wa pima moja na dhiraa moja na nusu una kipenyo cha kama sentimita 80. Gogo lake la mita 3 lina mita za ujazo moja na nusu, na mti mbichi wa ujazo huo hauko mbali na tani moja na nusu. Fundi hatafanya hesabu hiyo kwa kalamu, ila mikono yake inaijua: hilo halibebwi na vijana wawili kupita kwenye kichochoro. Basi litakatwa mara nyingi, na kila mkato una petroli yake, oili yake na muda wa kunoa cheni kwa tupa.

Matawi ya juu ndiyo yenye ufundi. Kamba hupitishwa kwenye panda iliyo imara, ikafungwa kwenye tawi linalokatwa, na aliye chini huizungusha shinani kisha huilegeza kidogo kidogo. Mshika kamba huyo halipwi sawa na wale wa kubeba, na haki yake. Akiteleza yeye, ni bati la jirani.

Kuna mambo ambayo fundi mgeni huyasahau, yakamtia hasara. Misumari, kwa mfano. Miti ya uani imetumika miaka mingi kama nguzo za kamba za kuanikia nguo, na msumari uliopigwa zamani humezwa na gome usionekane tena. Cheni ikiugonga, meno yameharibika. Fundi mzoefu humuuliza bibi wa nyumba, si bwana, maana bibi ndiye aanikaye.

Kuna majimoto pia. Chungu hawa wekundu hushona majani ya mwembe kuwa viota, na mtu aliye juu, mikono yote miwili imeshika mti, hana wa kumkuna. Nisiwaseme vibaya sana: katika miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alifanya kazi hapa Unguja akaonyesha jinsi majimoto wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayezifyonza nazi changa zikapukutika. Mdudu yule hata jina lake la kisayansi limetokana na la Way. Shambani, basi, chungu hawa ni walinzi. Uani wakati wa kukata, ni nyongeza ya bei.

Baada ya hapo fundi hugonga shina kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Sauti ya wazi ndani humwambia mchwa wameshakula. Kwenye mnazi hutazama kilele, kama chonga ameshatoboa, au kama makuti yamekwisha na umebaki mlingoti mtupu. Wenye nyumba wengi hufikiri mti mkavu ni rahisi, kwa kuwa ni mwepesi na umeshakufa. Ni kinyume kabisa. Mti mbichi unapindika kabla ya kuvunjika, fundi akapata onyo, mkavu haumwonyi. Mnazi uliooza kichwa hauaminiki hata kwa kukwea, na wakati mwingine fundi huukataa kwa bei yoyote ile. Naona kukataa huko ni sehemu ya ufundi wa kupanga bei, tena kubwa.

Swali linaloshangaza wageni ni hili: mti wa nani? Unguja mti unaweza kuwa na mwenyewe na kiwanja kikawa na mwenyewe mwingine, na mwembe wa babu una warithi, mmoja Michenzani, mmoja Dar es Salaam, mmoja Muscat. Fundi aliyekata kwa neno la mrithi mmoja anaweza kujikuta kwa sheha akijieleza, huku ujira wake umezuiwa. Idhini nayo inahitajika. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 haimwachi mtu kukata mti atakavyo, na safari ya kufuata kibali ni siku ya kazi iliyopotea. Waya ukipita karibu, shirika la umeme lije kwanza. Siku hizo zote zimo ndani ya bei, ijapokuwa mteja haoni jasho lake.

Fundi akishamaliza kuzunguka, hutaja. Na mwenye nyumba hupiga kelele, kama desturi.

"Mwanangu, umeniua!"

"Sijakuua, Bi Mkubwa. Skiza nikupangie."

Hapa ndipo hodari hujulikana. Hapunguzi ovyo, huivunja bei mafungu. Kuteremsha, kukatakata, kuondoa taka, kisiki. Bi Mkubwa akitaka nafuu, vijana wake wabebe matawi, au kisiki kibaki, na afadhali kibaki kama mabomba ya maji yamepita chini yake. Mti wenyewe nao unaingia kwenye mapatano. Gogo refu la mwembe shambani hutafutwa na wachonga ngalawa. Michenzani gogo refu halipiti kichochoroni, kwa hiyo mwembe uleule huishia kuwa kuni za tanuri la mikate, na thamani yake hushuka hapo hapo. Makuti na moyo wa mnazi, kwa kawaida, ni vya mwenye nyumba. Kushindania hivyo ni uchoyo.

Fungu moja halitajwi kwa sauti, nalo ni la ajali. Mkataji miti wa kujitegemea Uingereza hulipa bima kila mwaka, akaigawa katika kazi zake zote. Huku kwetu wachumaji wa karafuu wanaoanguka mikarafuuni wamepata kulipwa fidia kupitia ZSTC, shirika linalonunua karafuu hizo. Anayeanguka kutoka mwembe wa uani hana mnunuzi wa namna hiyo nyuma yake. Fungu lake huliweka mwenyewe, kidogo kidogo, kutoka kila kazi, na ndilo la kwanza kuliwa mteja anapobana sana.

Msimu hubadilisha mengi. Masika udongo hulowa na shina huteleza. Kusi likivuma, tawi lililofungwa huyumba likaelekea usikokutaka. Tena upepo ukishaangusha mti mmoja mtaani, wateja wote huja siku moja na hofu zao. Wapo wanaopandisha bei siku hiyo. Walio bora hupandisha kwa ugumu wa mti tu, na kazi isiyo ya haraka huambiwa isubiri.

Ukimwita fundi, basi, mpeleke mpaka ua wa jirani, mwonyeshe misumari unayoikumbuka, mtajie warithi wote, kisha mwache azunguke bila kumharakisha. Mpatane mapema nani atalipa bati likipasuka. Na arabuni mpe siku hiyo hiyo, maana petroli ananunua kwa fedha yake.