Jalada Lililopunguzwa

Mwaka 1971, kundi la Rolling Stones la Uingereza lilipotoa santuri iitwayo Sticky Fingers, jalada lake lilikuwa picha ya suruali ya jinzi iliyotiwa zipu ya kweli ya chuma, kwa fikra ya mchoraji Andy Warhol. Na zipu ile, santuri zilipopangwa moja juu ya nyingine kwa safari, ilizigandamiza hata ikaacha kovu katika mifuo ya sauti, mpaka watengenezaji wakapata hila ya kuishusha nusu kabla ya kuzisafirisha, ili uzito uangukie kibandiko cha katikati, pasipo na sauti ya kuharibika.

Jalada kama hilo, lililo chombo chenye kutenda kazi wala si picha tu, ndilo kipimo changu kila niulizwapo kama yafaa kuzinunua CD zitiwazo katika majalada ya karatasi yaliyo mfano wa yale ya kale, kazi ambayo Wajapani wameifanya kwa ustadi wa ajabu. Jalada la santuri lina upande wa sentimita 31 hivi, na mfano wake yapata 13 na nusu, hivyo eneo la picha hubakia chini ya khumsi ya lile la asili. Anunuaye kwa ajili ya picha tu, au maandishi ya nyuma ambayo sasa yataka kioo cha kukuzia, amepata hasara. Kwake yeye santuri kuukuu, ijapokuwa imechakaa pembe, ni bora.

Walakini yako majalada yaliyokuwa vyombo hasa. Lile la santuri Led Zeppelin III ya kundi la Led Zeppelin, la mwaka 1970, lina gurudumu la karatasi nene ndani yake, nawe ukilizungusha kwa kidole pale ukingo wake unapochomoza, picha hupita na kubadilika katika matundu yaliyokatwa usoni. Katika mfano wa Kijapani gurudumu lile lazunguka kweli, matundu yamekatwa mahali pake, na udogo wenyewe waudhihirisha ufundi ambao katika jalada kubwa jicho huupita. Huo naununua bila kusita, kama nilivyoiridhia CD ya Sticky Fingers ya mwaka 1994 iliyorejeshewa zipu yake.

Kundi hilo hilo la Led Zeppelin, katika In Through the Out Door ya 1979, lilitia bahasha ya ndani isiyo na rangi, ambayo ikipakwa maji hutoa rangi zilizofichika. Muuzaji akikuletea mfano wake, muulize kwanza kama karatasi ile yaitikia maji.